Chungu Nisichokionja

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sijui mtasoma mkiwa chini ya neti au mgongoni mwa boda, lakini kwanza tulieni. Mimi si mtu wa shule. Nilifika darasa la kugawanya hesabu, vita vikafunga mlango, na Kiswahili hiki nilikiokota baadaye sokoni Koboko na Arua, mkimbizi nauza mihogo. Msinitafutie makosa ya herufi. Nataka kuwaeleza mwaka mmoja tu, na sababu yake ni simu. Wiki iliyopita ilipigwa kutoka mbali, sauti ya kijana nisiyemjua ikauliza kama mimi ndiye Kiden aliyekuwa akifua bendeji. Nikasema ndiye. Akasema baba yake amefariki, na aliacha neno kwamba niambiwe. Nilimshukuru, nikaiweka simu chini, nikaendelea kuchambua kudra, ile mboga ya mlenda. Suzan, mke wa mwanangu, akaniuliza nani alikuwa anapiga, nikamjibu ni mtu wa zamani. Majani yalikuwa yamekwisha kitambo, na mimi bado nilikuwa nachambua vijiti.

Mwaka ule Juba ilikuwa imefungwa. Jeshi la serikali lilikuwa ndani na sisi, watu wa msituni walikuwa nje pande zote, na barabara zote zilikuwa zimekufa. Unga ulikuja kwa ndege, na ndege isipokuja hakuna anayekuambia kwa nini. Nilikuwa msichana mkubwa, mwenye kifua na bila mchumba, nikapata kazi katika zahanati ya kanisa hapa hapa Hai Malakal, mahali ambapo leo pana maduka ya simu. Kazi yangu ilikuwa kufua bendeji, kuzichemsha, kuzianika, kuzikunja, na kushika beseni daktari akikata. Daktari wetu alikuwa mmoja. Tulimwita hakim, kama watu wa Juba wanavyomwita kila anayetibu, na huyu alikuwa hakim kweli, mwenye masomo ya Khartoum. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikunjo pembeni mwa macho kabla ya umri. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, redio iliyofungwa kwa mpira, na neti iliyochanika ambayo aliishona mwenyewe kwa uzi wa kushonea watu. Ukiingia kufagia unasikia harufu ya sabuni ya dawa na chai. Harufu ile nimeitafuta maisha yangu yote. Nimeingia maduka ya dawa ya Arua, ya Kampala, ya hapa Nyakuron, nikasimama katikati kama mtu aliyesahau alichotumwa, na sikuipata.

Jambo moja mlijue, maana hata leo halijabadilika. Hospitali zetu zinatibu, hazipiki. Mgonjwa analetwa pamoja na mtu wa kumpikia, na mtu huyo analala chini ya kitanda chake na anapika uani. Sisi tulikuwa na rakuba, banda la nyasi lisilo na kuta, na chini yake mafiga mengi yamesimama matatu matatu, kila matatu na mwenyewe. Pale ndipo habari zote za mji zilipikwa. Nani ameolewa na askari kwa sababu ya sukari, nani anauza blanketi za msaada, mtoto wa nani ameonekana msituni na bunduki. Mkubwa wa rakuba alikuwa Mama Poni, mwanamke mpana mwenye ulimi wa wembe, aliyekuja kumpikia bintiye Poni. Poni alikuwa na mimba ya kwanza na miguu iliyovimba kama mito ya kulalia. Mama Poni alimcheka kila mtu. Hakim alimwita chelewa, kijiti cha ufagio, na akimwona anapita haraka na koti lake alisema, jamani mshikeni, upepo utamchukua, nani atamzalisha mwanangu.

Asubuhi moja wanawake waliokwenda kutafuta kuni pembeni ya mji walimkuta mwanamume kwenye nyasi. Usiku uliopita kulikuwa na mapigano upande huo. Walinzi wawili wa kanisa walimbeba juu ya kitanda cha kamba, wakamfunika majani ya kudra kama mzigo wa soko, wakamleta kwa hakim. Jina lake alisema ni Marko. Paja la kushoto lilikuwa limepasuliwa na chuma na lilikuwa linanuka. Mimi nilishika beseni. Hakim alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mtu maswali mawili kabla ya kumkata, mara ya mwisho umekula lini, na kazi yako ni nini. Alisema kazi ya mtu inamwonyesha mwili umezoea nini. Marko akajibu kwamba hajala tangu juzi, na kazi yake ni kubeba makombora ya ule mzinga mkubwa wa ng'ambo ya mto.

Beseni halikuanguka. Nasema hivyo kwa sababu najua mnangoja lianguke. Kaka yangu Wani alikuwa ameuawa msimu uliopita na kombora kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa uani anasuka kamba za kitanda cha jirani, na tulipomkuta alikuwa bado ameshika ncha ya kamba. Nilishika beseni mpaka mwisho, nikaumwaga ule usaha, nikaliosha. Halafu nikaenda rakuba nikawaambia wanawake ni nani amelala kitanda cha dirishani.

Kwetu damu ina sheria. Mtu aliyemwaga damu ya nduguyo hali nawe chungu kimoja wala hanywi kibuyu kimoja, mpaka watu wake walete mbuzi, wazee wachinje, ini ligawanywe katikati. Ukivunja hapo, tumbo linavimba na mfu wako hakuachi. Nililelewa hivyo na nilikuwa naamini. Wale wanawake wengi wao walikuwa na mtu kaburini kwa sababu ya mzinga ule, na wengine walikuwa na watoto wao wenyewe huko msituni, nao waliogopa zaidi, maana askari wakisikia umempikia mtu wa msituni, nyumba yako imekwisha. Kwa hiyo hakim alipokuja kusimama mbele ya rakuba akaomba kwa upole kila mmoja atoe kijiko kimoja cha chakula kwa ajili ya mgonjwa asiye na mtu, wote walikoroga vyungu vyao. Mama Poni peke yake ndiye aliyejibu. Alisema hakuna shida, hakim, nimpe asida, ugali wa moto wa kwetu, na pembeni nimwekee kombora kama pilipili. Wanawake wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Hakim akangoja kicheko kiishe, akarudi ndani.

Siku zile alimgawia Marko sahani yake mwenyewe, ile tuliyompelekea kutoka sinia la wafanyakazi. Lakini sahani ya mtu mmoja haifiki mbali, na sote tuliona koti lake linavyozidi kuwa pana. Jeraha la Marko lilikuwa safi na halifungi. Nilimsikia hakim akimwambia mchungaji nje ya stoo kwamba dawa amempa, usaha ametoa, lakini nyama mpya hailetwi na sindano, inaletwa na chakula. Mchungaji akamwambia kazi yako umeifanya, mengine mwachie Mungu. Hakim akasema Mungu hajamshona huyu, nimemshona mimi. Akaniona nimesimama na bendeji. Akaniuliza mimi moja kwa moja kama nitampikia. Nikamwambia ana damu ya Wani.

"Najua," akasema. "Sikuombi msamaha, Kiden. Msamaha ni mali yako. Naomba uji."

Nikamwambia hapana. Na sijaja hapa kuwaomba radhi kwa hapana ile. Mtu asiye na hapana, ndiyo yake ni ya nini?

Kesho yake hakim alitoka na sufuria. Mnaelewa? Mwanamume, mtu mzima, msomi, akakanyaga ndani ya rakuba ya wanawake, akachuchumaa kwenye mafiga, akapuliza moto. Kwetu mwanamume hakai kwenye mafiga. Hata mwehu anajua. Wanawake walijisogeza kama amekuja nyoka. Halafu wakaanza kucheka, maana alimwaga unga wote kwa pamoja katika maji yanayochemka na ile asida ikawa mabonge kama mawe ya mtoni. Mama Poni akamwita mke mwenza, akamuuliza mahari yake ni kiasi gani. Hakim naye akacheka, jasho linamdondoka, akasema mahari yake ni mtu wa kumfundisha kukoroga. Hakuna aliyemfundisha. Sisi tunabana sufuria kwa vijiti viwili na miguu, ili isizunguke ukikoroga. Yeye aliishika kwa kitambaa. Ilipozunguka, asida yote ilimwagikia mkono wake wa kulia.

Asida si maji. Maji yanateleza. Asida inakaa inashika ngozi na inaendelea kupika. Hakim hakupiga kelele, alisema neno moja tu la kwao ambalo sikulielewa, akautia mkono ndani ya mtungi.  Aliokota kilichobaki kwa mkono wa kushoto, akakiweka kwenye bakuli, akaingia nacho ndani. Mimi nilimfuata na bendeji, nikamkuta amekaa kando ya kitanda cha Marko, anamlisha kwa kushoto, na Marko analia huku anatafuna yale mabonge.

Mchana wa siku ile ile uchungu wa Poni ulikwama. Mtoto alikuwa amelala upande, na hakukuwa na hakim mwingine ambaye tungeweza kumfikia. Ule mkono ulikuwa umevimba umejaa malengelenge. Hakim aliutazama mkono wake, akamtazama Poni, akaniambia nimvalishe glovu. Zile glovu tulikuwa tunazifua na kuzitumia tena. Niliivuta juu ya malengelenge yale na nikayasikia yanapasuka chini ya vidole vyangu. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Alikata. Jasho lake lilidondoka, na niliambiwa nilipanguse kabla halijafika machoni, nikalipangusa kwa kanga yangu kwa sababu bendeji zilikuwa zimekwisha. Mtoto alitoka wa bluu, akachapwa, akalia. Hakim alipotoka nje, Mama Poni alikuwa amekaa chini mlangoni. Alimwambia una mjukuu wa kike. Mama Poni hakuutazama uso wake, aliitazama glovu. Maji ya malengelenge yalikuwa yanachuruzika kwenye kiwiko. 

Siku iliyofuata nilitafuta mafiga matatu, nikayaweka mbali na rakuba, chini ya ukuta wa stoo. Nikanunua chungu kidogo. Nilimwambia hakim masharti yangu. Nitapika, lakini chungu hiki ni cha yule mtu peke yake, mimi sitakionja hata kwa ncha ya kidole, bakuli nitaliweka chini na si mkononi mwake, na mbuzi wangu bado ninamdai. Hakim akasema sawa, sawa, sawa, kwa kila sharti. Na tuelewane hapa, maana watu husikia habari hii wakasema bibi yule alikuwa na moyo mwema. Sikumpikia Marko. Niliupikia mkono wa hakim. Nilitaka mkono ule usirudi tena motoni. Mama Poni alikuja polepole akaweka bamia chache kando ya ukuta, kana kwamba zimemdondoka, akaenda zake. Kesho yake mwingine akadondosha kisamvu.

Mpishi asiyeonja anapika kama kipofu anayenyoa. Siku moja hakuna chumvi kabisa, siku nyingine imezidi. Marko alikuwa anakula kila kitu mpaka anaukwangua udongo wa bakuli, lakini asubuhi moja, nilipoweka bakuli chini, alisema kwa adabu kubwa, "Dada, jana chumvi haikufika. Leo imefika ya jana, ya leo na ya kesho." Niligeuka niende zangu. Lakini kutoka chumba cha nyuma nilisikia kicheko cha hakim. Kilikuwa kicheko cha chini, kinaanza kama kikohozi, halafu kinamshinda. Nilisimama na mgongo wangu kwao wote ili uso wangu usionekane. Vijana wangu, nimezika mume mwema, na sikumnyima chochote. Lakini kicheko kile ndicho ninachokisikia nikikaa peke yangu mchana, nyumba ikiwa tupu na mvua inapiga bati.

Na mkono ule mimi ndiye nilikuwa ninaufunga. Kila alasiri, wagonjwa wakishapungua, hakim alikaa juu ya dumu lililopinduliwa kando ya mafiga yangu, akaninyooshea mkono kama mtoto anayeonyesha kucha. Nilifungua bendeji ya jana, nikaosha, nikapaka, nikafunga mpya. Alikuwa akinifundisha majina ya mifupa. Mimi nilimfundisha kukoroga asida kwa kumwonyesha kwa mikono mitupu, hewani, naye akaiga kwa kushoto, vibaya. Hatukusema zaidi ya hayo. Hakunigusa, mimi ndiye niliyemgusa, na ilikuwa kazi. Ngozi mpya ilikuja ya waridi, halafu ikawa nyeusi inayong'aa. Nilipoona imeshafunga niliendelea kuifunga bendeji. Naye aliona. Yeye ndiye daktari. Aliendelea kuja.

Askari walikuja asubuhi moja na afisa mwenye fimbo. Sijui nani alisema, na sitaki kujua. Afisa akauliza kama kuna mtu wa msituni humu. Hakim akasema humu mna wagonjwa.

"Wa upande gani?" afisa akauliza.

"Upande wa kulia wana malaria," hakim akasema. "Wa kushoto wana vidonda."

Afisa alicheka, alikuwa mtu wa kucheka, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Alitembea kati ya vitanda, akasimama kwenye kile cha dirishani. Wote mle ndani tulijua. Mama Poni alikuwa amembeba mjukuu wake, akaenda kukaa kwenye kitanda cha Marko, akafungua kanga akamnyonyesha kidole yule mtoto, akamwambia Marko kwa sauti, mwanangu sogea, miguu yangu inauma. Afisa alimtazama, akamtazama hakim, akasema paja hilo likipona atarudi kuuliza vizuri zaidi. Hakim akamjibu kwamba jeraha likiwa wazi mtu huyo ni wake, na hatamtoa kwa mtu yeyote, wa msituni wala wa mjini. Alisema polepole kama anavyoeleza vidonge vya kunywa kutwa mara ngapi.

Marko alipoweza kutembea, hakim alimwambia mbele yangu, jeraha limefunga, kuanzia leo wewe si mgonjwa wangu, na njia utakayopita sitaki kuijua. Mimi nilikuwa ninampikia mihogo ya safari. Alikuja mpaka kwenye mafiga yangu kwa fimbo, mara ya kwanza kunisogelea akiwa amesimama. Akasema mbuzi hana. Akiwa hai atamleta, na ikiwa hataonekana nijue kwamba hakukataa. Nikamwambia aketi mbali, moshi utamwingia machoni. Halafu nilifikiri, mtu huyu anakwenda mbali, chakula kikiwa na chumvi nyingi atatafuta maji, na akitafuta maji atafika mtoni, na mtoni kuna askari. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi ilikuwa imepungua. Nikaongeza. Marko aliona, akainamisha kichwa. Kutwa nzima nilingoja tumbo livimbe. Halikuvimba. Nilikaa nimelishika, nikamwambia Wani, basi ni hivyo.

Afisa aliporudi alikikuta kitanda kitupu. Akauliza mtu yuko wapi. Hakim akasema alipona akaondoka, ndivyo hospitali inavyofanya kazi, na kama wanataka mlinzi wa gereza wamtafute kwingine. Hawakumpiga mbele yetu. Walisema amehamishwa Khartoum na ndege inangoja. Alipewa nafasi ya kuchukua koti. Wanawake wote wa rakuba walisimama kando ya njia, na alipopita mbele yangu aliunyoosha ule mkono, kiganja juu, kama alasiri zetu. Mimi nilikuwa na bendeji begani, nimetoka kuanua. Nilikishika kiganja, nikakitazama kama ninayekagua, nikasema, "Kimepona, hakim." Akasema, "Umefanya vizuri, Kiden." Wakamsukuma kwenye gari. Ndiyo hiyo tu. Nimeigeuza miaka yote hii kutafuta kama ilikuwa na zaidi ndani yake.

Marko sijamwona. Mbuzi sijamwona. Simu zilipofika Juba, hakim alinitafuta mara moja, sauti ya mzee kutoka nchi ya baridi, tukaulizana afya na mvua, tukanyamaza muda mrefu na vocha yake inaliwa, wala hakuna aliyetaka kukata.

Sasa sikilizeni kilichotokea nyumbani kwangu wiki hii, baada ya ile simu ya mwana wa hakim. Mjukuu wangu Lado alianguka na boda huko Gurei akavunjika mguu, yuko wodini, na sisi tunampelekea chakula. Kitanda cha pili kuna mwanamume amepigwa risasi. Ni wa watu wale waliotutoa kwenye nyumba yetu ya zamani katika vita hivi vya mwisho, na hana mtu. Suzan aliniambia kama habari ya kawaida, kwamba daktari kijana amewaomba wenye vyungu wamkumbuke, na watu wamegeuza nyuso. Mwanangu alikuwa anafunga viatu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, achana na ile mambo. Huyo ni watu ya kule." Nilimwuliza mwanangu kama daktari huyo kijana amevaa koti la kumtosha au limekuwa pana. Hakunielewa, na sikumweleza.

Niliwaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, nikasimama. Nikamwambia Suzan, unga uongezwe kuanzia leo, na bakuli la mtu yule litangulie kujazwa kabla ya la Lado, kwa sababu Lado ana sisi. Mwanangu atalipeleka kwa mikono yake mwenyewe, atampa mkononi, atakaa mpaka limalizike, kila siku, mpaka mtu huyo atoke kwa miguu yake au watu wake wapatikane. Na atakayeona hawezi, afungashe nguo zake leo, maana chakula cha nyumba hii hatakila tena.